Bukari ya Watu Watatu

Alhamisi iliyopita tulimzika Philo, na kitu cha kwanza nilichokisikia moyoni nilipoingia uani kwake, Kampemba, hakikuwa huzuni. Kilikuwa wivu. Nalisema hili mapema ili msomaji asihangaike kunitafutia sababu nzuri zaidi. Viti vya plastiki vilikuwa vimejaa hadi barabarani, wanakwaya wa parokia walikuwa wamepumzika kidogo, na mimi nilikuwa nimeshikishwa sahani ya wali na maharagi ambayo sikuwa na hamu nayo. Nyuma yangu walikaa walimu watatu vijana wa shule ya msingi ambayo Philo aliiongoza hadi ugonjwa ulipomlaza. Walikuwa wanasimuliana jinsi alivyokuwa akiingia darasani polepole, anakaa benchi la nyuma karibu na mtoto mmoja, na kubaki hapo kipindi kizima. "Anauliza mutoto swali moja tu," alisema mmoja, "puis anangoja. Anangoja paka weye mwalimu unasikia haya." Wakacheka kidogo, kicheko kile cha msibani kinachokatwa katikati. Mwingine akasema kwamba yeye amepita kwa maprofesa wengi pale chuoni Kasapa, amenakili masomo yao yote, lakini kama anajua kitu juu ya mtoto anavyowaza, alikipata kwa Mama Directrice. Mimi nilikuwa mmoja wa wale wengi. Nilimfundisha kijana yule mwaka mzima, na kwa kisogo changu hakunitambua. Nilimeza maharagi yangu, nikamwonea kijicho mwanamke aliyelazwa sebuleni ndani ya sanduku, na nikaona kwamba sijabadilika sana tangu nilipokuwa na miaka ishirini na minne.

Mwaka ule tulikuwa tunamaliza licence, shahada yetu, katika kitivo cha saikolojia na elimu, na tulikaa chumba kimoja katika bweni la wasichana, mimi na Philo na wasichana wawili wa udaktari ambao tuliwaona tu walipokuja kulala. Chumba kilikuwa na dirisha moja lililozibwa kwa kipande cha katoni, vitanda viwili vya juu na chini, na réchaud, jiko dogo la umeme lililokatazwa na sheria za bweni. Kila chumba kilikuwa na réchaud yake, kwa hiyo umeme ulikatika kila jioni saa ileile ambayo kila mtu anasonga bukari, ugali wa kwetu, na kutoka vyumba vyote tulisikia mguno mmoja. Philo ndiye aliyesonga. Mimi nilikuwa na kisingizio cha kusoma. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye sauti ya chini iliyokulazimisha uiname ili umsikie. Katika mitihani alikuwa wa katikati. Mimi nilikuwa wa kwanza tangu mwaka wa kwanza, na nilihakikisha hakuna mtu anayesahau jambo hilo. Nilimpenda sana hadi mwezi wa kumi na moja. Nafikiri ilikuwa rahisi kumpenda kwa sababu hakuwa na kitu nilichokitaka.

Profesa wetu wa saikolojia ya mtoto alikuwa amechoka kusoma kazi za wanafunzi zilizonakiliwa vitabuni, hivyo mwaka ule alitutuma wawiliwawili katika shule za msingi. Kila mmoja wetu apewe mtoto mmoja, amfuate asubuhi mbili kila wiki kuanzia mwezi wa kumi hadi mwezi wa tano, na aandike kila kitu katika daftari lenye safu mbili. Kushoto, mtoto alichosema na alichofanya, bila kuongeza neno. Kulia, anachoweza kuwa anawaza. Tulikatazwa kufundisha, kusahihisha, kusifu, hata kukunja uso. Tuliruhusiwa swali moja, uliwaza namna gani, na baada ya hapo kufunga kinywa. Alituambia kwamba jibu baya mara nyingi lina njia yake, na kazi yetu ni kuifuata njia hiyo hadi inapoanzia. Niliiandika sentensi hiyo na kuipigia mistari miwili chini. Naweza kuirudia leo bila kukosea, na nimeirudia kweli, mbele ya wanafunzi wa miaka na miaka.

Mimi na Philo tulipewa darasa la tatu katika shule moja ya Kampemba, kwa Maître Kaumba, mwalimu mwema mwenye rula ndefu ambayo hakuipiga popote isipokuwa kwenye meza. Hapo nilifanya kosa ambalo ni mwanafunzi bora tu angelifanya: nilimwomba Maître anipe mtoto mwenye akili kuliko wote. Nilifikiri akili nyingi zitajaza daftari langu. Akanipa Trésor, mtoto safi, soksi zimevutwa hadi magotini, aliyejibu kila swali kabla halijaisha. Philo alimchukua aliyebaki, msichana mwembamba wa benchi la mwisho aliyeitwa Ngoie, aliyekuwa akipata nne juu ya kumi na kukwaruza mbao za benchi kwa ukucha. Baada ya mwezi daftari langu lilikuwa na majibu sahihi yaliyopangwa vizuri, na safu ya kulia ilikuwa tupu. Nilimwuliza Trésor, uliwaza namna gani. Akaniambia aliwaza vizuri. Nikangoja kama tulivyoagizwa. Naye akangoja, mikono imekunjwa juu ya meza, kwa heshima kabisa, na tungekaa hivyo hadi kengele ilie.

Ndipo ikaja ile siku ya mwezi wa kumi na moja. Maître aliandika ubaoni nusu na theluthi, akawauliza watoto sehemu ipi ni kubwa. Ngoie akaandika kwamba theluthi ni kubwa. Nilikuwa nimekaa benchi la mbele yake, nikageuka, nikaliona jibu, na ndani ya kichwa changu nikaliwekea alama nyekundu. Mtoto ameona tatu, ameona mbili, akasema tatu inashinda. Kosa hilo limo katika kila kitabu. Nikarudi kwa Trésor wangu. Siku tano baadaye, katika somo la profesa, yeye mwenyewe alisimama na daftari la Philo mkononi na kutusomea kurasa mbili. Philo alikuwa ameandika hata kimya: mtoto hasemi, anakwaruza benchi, anatazama dirishani, anacheka peke yake. Halafu maneno ya mtoto, kama alivyoyasema: "Kwetu siku papa iko tunakulaka batatu, na mama anapikaka bukari mukubwa, juu papa anatoka Mokambo na unga. Siku papa hayiko tunabakia babili, na mama anapikaka kadogo tu. Un tiers njo inashibishaka." Yaani theluthi ndiyo inayoshibisha. Profesa akashusha daftari. Mtu mmoja nyuma akasema "eh" polepole. Baba yake Ngoie alikuwa dereva wa lori la njia ya Mokambo, alileta unga kutoka Zambia, na mtoto yule alikuwa ameelewa jambo ambalo Maître hakulisema na mimi sikuwa nimelifikiria: kwamba hakuna nusu wala theluthi mpaka kwanza ujue ni ya bukari gani. Alipata sifuri kwa swali lile.

Wivu nilioupata siku hiyo naweza kuuonyesha mahali pake mwilini. Ulikaa hapa, chini ya koo, kama bukari ya moto uliyoimeza haraka. Sikukasirika kwa sababu Philo amesifiwa. Kusifiwa ningekuvumilia, nilikuwa na sifa za kutosha za kwangu. Nilikasirika kwa sababu nilikuwepo. Nilikaa hatua moja kutoka kwa mtoto yule, nikatazama jibu lilelile, na sikuona kitu. Jioni, Philo alipokuwa anasonga, nilimwuliza kwa sauti ya mzaha alijuaje kwamba mtoto ana kitu cha kusema. Alifikiri kidogo, mwiko ukiwa juu, akasema hakujua, alimngojea tu. Nilimwambia kwamba ana bahati. Akakubali kwamba ndiyo, ana bahati, akanipakulia kipande kikubwa na sombe ya majani ya muhogo juu yake, na nilimchukia kwa kukubali.

Wakati huu wote nimekuwa nikiitumia ile bukari. Miaka yote niliyofundisha pale Kasapa, somo langu la kwanza limekuwa juu ya Ngoie na baba yake wa Mokambo, na wanafunzi wanacheka, halafu wananyamaza, na najua nimewashika. Mwanzoni nilisema "mwenzangu mmoja aliona." Miaka michache baadaye nikasema "mtafiti mmoja aliona." Kisha nikasema "tuliona." Sijawahi kusema "niliona," na kwa hilo nilijipa heshima kubwa, kama mtu anayekula chakula cha jirani lakini anamwachia sufuria. Labda yule kijana wa msibani alisikia habari ya bukari kwangu kwanza, kisha akaisikia kwa Philo, na akajua mara moja ni ya nani.

Mwezi wa kwanza profesa alitutangazia kwamba kitivo kitafungua nafasi moja ya assistant, mhadhiri msaidizi, na kwamba atapendekeza mtu ambaye daftari lake litaonyesha vizuri zaidi jinsi mtoto mmoja alivyokua katika kuwaza, kutoka mwanzo hadi mwisho. Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyotaka kuolewa, na wakati ule nilitaka sana kuolewa. Mtu aliyeikosa alikuwa anarudi kufundisha chaki na vumbi, na kungoja mshahara unaokuja unapotaka. Katikati ya mvua za mwezi wa pili nilikwenda ofisini kwa profesa kumwonyesha daftari. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Alikuwa na mwenzake, wanakunywa chai, na mwenzake akamwuliza juu yangu. Nilitega sikio. "Julienne?" profesa alisema. "Atakuwa inspectrice muzuri." Wote wawili wakacheka. Kwetu sisi wa kitivo kile inspecteur alikuwa mtu anayekuja shuleni kuangalia kama ubao umefutwa na kama mwalimu ameandika tarehe. Niligeuka na daftari langu kifuani, nikarudi bwenini kwa miguu kwenye mvua, na nilipofika Philo alinivua koti na kunitengenezea chai. Aliniuliza nina nini. Nikamwambia nimelowa.

Baada ya Pasaka Philo alishikwa na malaria. Alilala wiki nzima akitetemeka chini ya mablanketi yetu yote manne, macho ya njano, na kila alipopata nguvu ya kusema alisema juu ya Ngoie. Katika miezi ile mtoto alikuwa ameanza kuchoka na theluthi yake. Alikuwa ameona mwenyewe kwamba siku baba yake aliporudi bila unga, bukari ya watu watatu ilikuwa ndogo, na alikuwa ameanza kujiuliza kama kubwa na ndogo vinatoka kwa watu au kwa sufuria. Philo aliona kwamba bado kidogo tu. Mtoto angetoka mwenyewe, kwa mlango wake mwenyewe, na daftari lingekuwa na kila hatua. Hata mimi, mkaidi, niliona hivyo, maana kila jioni nililisoma daftari lile alipokuwa amelala. "Uende kwa nafasi yangu," aliniambia. "Ukae naye tu. Uandike vile anasema. Usimuambie kitu, Julienne, tafazali."

Nilikwenda siku tatu. Maître alituachia darasa baada ya watoto wengine kutoka, na tulikaa, mimi na Ngoie, kwenye benchi moja, harufu ya chaki na ya maandazi yaliyoliwa kwa siri. Siku ya kwanza nilichukua karatasi nikaikunja sehemu mbili sawa, nikaikunja nyingine sehemu tatu, nyingine sehemu nne, nikamwonyesha. Namba ya chini ikiongezeka, sehemu inapungua. Nilimfanya arudie. Nilikuwa mwalimu mzuri sana siku hizo tatu, mvumilivu, mchangamfu, sijawahi kufundisha vizuri namna ile tena. Siku ya pili Ngoie alizitazama karatasi kwa muda mrefu, ukucha ukaanza kukwaruza, akaniuliza: "Na kama karatasi ingine iko mukubwa?" Lilikuwa swali lenyewe. Philo alikuwa amelingojea tangu mwezi wa kumi na moja, na lilikuja kwangu. Nilijua ni nini. Nikamwambia karatasi zote ni sawa. Akasema kwao haiko vile. Nikamjibu, bila ukali wowote: "Haiko kwenu hapa, Ngoie. Hapa iko masomo." Akaondoa ukucha kwenye mbao na kuweka mikono juu ya meza. Siku ya tatu alijibu maswali kumi bila kukosea, na hakuniuliza kitu. Katika daftari la Philo, upande wa kushoto, niliandika kwamba mtoto hakusema neno la kuandikwa.

Watu wataniuliza kama nilijua ninachofanya. Nilijua na sikujua. Kama ningemwibia Philo daftari, au kulichana, ningejiita mwizi na labda nisingethubutu. Lakini nilikuwa nimemfundisha mtoto theluthi. Nani duniani angeniletea kesi kwa hilo? Hata Maître alinishukuru, alisema ameshindwa mwaka mzima na mimi nimemaliza kazi kwa siku tatu, na nilitembea kurudi Kasapa nikiwa na furaha. Nasema furaha kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo.

Mwezi wa tano profesa alikuja mwenyewe shuleni kwa ajili ya mazungumzo ya mwisho. Alikaa kwenye kiti cha Maître, magoti juu, na sisi wawili tukawa pembeni, kila mmoja na mtoto wake. Trésor alijibu vizuri, kama kawaida, na nilikuwa nimemzoesha kuongeza sentensi mbili za kueleza. Ikawa zamu ya Ngoie. Philo, aliyekuwa bado amekonda kwa homa, alimwandikia nusu na theluthi, na Ngoie akasema nusu ni kubwa. Robo na theluthi, theluthi. Philo akatabasamu, akauliza uliwaza namna gani, akangoja. "Njo règle," mtoto akasema, yaani ndiyo kanuni. Philo akangoja zaidi. Nje watoto wa mwaka wa kwanza walikuwa wanaimba siku za juma. Mwishowe Philo akamwuliza kwa upole kama kwao, siku wakiwa watatu, ni vile vile. Ngoie alinitazama mimi, kisha akamjibu yeye: "Haiko kwetu hapa. Hapa iko masomo." Kalamu ya Philo ilisimama. Sentensi ile ilikuwa yangu hadi sauti yake, mtoto alikuwa ameiweka hata na kile kiburi kidogo cha mwisho. Philo hakugeuka. Ningefurahi kama angegeuka. Aliinama akaandika mstari mmoja, na baadaye niliusoma: mtoto anajibu vizuri, sijui tena anawaza nini. Profesa alimwambia mbele yangu kwamba ni huzuni, daftari lililoanza vile kumalizika vile, na kwamba mtafiti hawezi kumpoteza mtoto wake wiki ya mwisho bila kueleza sababu. Angeweza kueleza. Alisema hajui.

Nafasi ikawa yangu. Siku hiyohiyo jina langu lilipobandikwa kwenye mlango wa kitivo, Mama Ngoie alifika bwenini na kuku. Alikuwa ameuliza njia kutoka Kampemba hadi Kasapa, kuku mzima kifuani amefungwa miguu kwa kitambaa, kwa sababu mtoto wake amepata tisa juu ya kumi na Maître amemwambia ni nani aliyemfundisha. Philo ndiye aliyefungua mlango. Mama akaomba kumwona Madame Julienne, yule aliyekaa na Ngoie siku tatu baada ya masomo, akasema maneno mengi ya baraka, akanishika mikono yote miwili, akaondoka. Tukabaki sisi wawili na kuku akipapatika chini ya kitanda. Philo alimchukua, akatoka naye, akarudi amemnyonyoa. Alimpika na kitunguu na nyanya, taratibu, hakukosea kitu, na akasonga bukari. Tulikula. Nilisikia mlio wa meno yangu.

"Siku tatu," alisema.

Nikasema ndiyo.

"Na alikuambia nini?"

Hapo ningeweza kumpa. Ningeweza kumwambia juu ya karatasi nyingine iliyo kubwa, lile swali lake moja. Nilikuwa nalo, yeye hakuwa nalo, na ndicho kitu pekee alichokiomba. Nikamwambia hakusema kitu.

Aliosha vidole kwenye bakuli. "Miye nilitaka tu kusikia vile angetoka mwenyewe," alisema. "Ile nafasi unaweza kubakia nayo." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo nililihesabu pia kama jambo analonizidi. Alikusanya sahani, akazipeleka bombani, na usiku wasichana wa udaktari walipokuja walikuta mapaja mawili ya kuku yamefunikwa kwa ajili yao.

Mwanzoni mwa mwezi wa saba ilikuwa proclamation shuleni, siku ya kutangaza matokeo. Wazazi walijaa uani, Maître akasimama juu ya kiti akisoma majina na asilimia, na kila mtoto aliyepita alirukiwa na ndugu zake na kumwagiwa poda kichwani hadi nyusi zikawa nyeupe. Trésor alikuwa wa kwanza. Ngoie alipita, alikuwa wa tisa, na Mama Ngoie alipiga kelele za furaha, akammwagia mtoto, kisha akanijia mimi na kunimwagia iliyobaki. Watu wakapiga makofi. Nilisimama katikati ya ua ule na poda kwenye nywele, puani, kwenye kola ya blauzi yangu ya sherehe, na nikaona kwamba nimepata kila kitu kilichokuwa kinagawiwa mwaka ule. Nilichuchumaa mbele ya Ngoie. Nilitaka kumsikia mara moja tu kama Philo alivyomsikia, sasa ambapo hakuna daftari wala nafasi ya kugombea. Nikamwuliza kama bado anafikiri juu ya bukari ya kwao. Nikamwambia anaweza kuniambia chochote. Alinitazama usoni kwa makini, akitafuta, na akauliza kwa adabu: "Madame anapenda niseme nini?"

Nilicheka, nikampapasa bega, nikamwacha aende. Baadaye nilizunguka nyuma ya madarasa kutafuta maji ya kuosha uso. Pale, kwenye ngazi ya darasa la sita, walikuwa wamekaa wawili. Philo hakuwa na daftari wala kalamu, mikono yake ilikuwa mapajani. Ngoie alikuwa anaongea. Alichora hewani kitu kikubwa cha mviringo, akakishika kwa mikono yote miwili, akakiweka chini. Akachora kingine kidogo, akakiweka kando. Philo aliuliza jambo, neno moja au mawili. Mtoto akakwaruza saruji ya ngazi kwa ukucha, akatazama mbali, halafu akacheka na kuanza tena kwa haraka, na poda ikawa inadondoka kutoka nywele zake juu ya magoti ya wote wawili. Hakuwa ameacha kuwaza. Alikuwa ameacha mbele yangu. Upande wa pili wa madarasa watu walikuwa wanaimba na kupiga masufuria, sikuweza kusikia neno. Ningesogea hatua tano ningesikia. Lakini ningesogea, angeniona, na angenyamaza. Nikasimama kwenye kona ya ukuta hadi miguu ikafa ganzi, nikitazama, na sijawahi kumwonea mtu wivu namna ile, si kabla wala baadaye, hadi Alhamisi.

Tumeishi mji mmoja miaka yote hii. Philo alikuja siku nilipotetea tasnifu yangu, alikaa nyuma, alinikumbatia. Mimi nilikwenda kwenye harusi za watoto wake. Tulikunywa munkoyo wa mahindi pamoja mara ngapi, sijui, na kila mara nilikuwa na swali lilelile ulimini: Ngoie alikuambia nini, siku ile, kwenye ngazi? Sikuuliza, kwa sababu ingebidi nimwambie kwanza kwamba nilikuwa nimejificha nyuma ya ukuta. Ngoie mwenyewe yuko hai. Ana duka la vitambaa sokoni, ana wajukuu, na alikuwa pale msibani. Aliniona, akaniletea kiti kizuri, akawaambia waliokuwepo kwamba huyu ndiye Madame aliyemfundisha kuhesabu. Yeye naweza kumwuliza hata kesho. Lakini atanitazama usoni kwanza, ataona jibu ninalolipenda, na atanipa hilo.